Maswali na Majibu: Mashine inavuma, oksijeni iko wapi?

SWALI: Wodi yetu ya watoto ina mashine mbili za kuzalisha oksijeni, za lita 5 kwa dakika kila moja. Moja inavuma kama kawaida na gololi ya flomita, kipimo cha mtiririko wa hewa, imesimama kwenye 5, lakini taa ya njano haizimi na oksijeni ya damu ya mtoto kwenye oksimita haifiki asilimia 90. Tukimhamishia mashine ya pili anapanda. Fundi anasema tununue mpya. Tumsikilize?
Muuguzi wa kituo cha afya, Kigoma

JIBU: Msinunue bado, ila hiyo ya taa ya njano isirudi kwa mgonjwa mpaka ipimwe.

Gololi inaonyesha wingi wa hewa inayotoka, haisemi ndani yake mna oksijeni kiasi gani. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Mashine nzima huifikisha kati ya 90 na 96. Iliyochoka inaweza kupuliza lita 5 za hewa isiyopishana sana na ya dirishani, na gololi isitikisike. Taa ya njano huwaka usafi, yaani asilimia hiyo ya oksijeni, unaposhuka, kwa mashine nyingi chini ya asilimia 85 au 82.

Ndani kuna kompresa inayosukuma hewa kwenye mitungi miwili ya zeolaiti, punje zinazonasa nitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Kila baada ya sekunde chache vali hugeuza njia: mtungi mmoja unafanya kazi, mwingine unatema nitrojeni yake nje. Ndiyo ile "pshaa" mnayoisikia. Ikipotea au ikija ovyo ovyo, vali ni mshukiwa wa kwanza.

Anzeni na vya bure. Toeni sponji ya nje, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, isuuzwe, ikamuliwe, ianikwe kivulini mpaka ikauke kabisa. Ikirudishwa mbichi, kompresa inafyonza unyevu, na zeolaiti hunywa maji kwa pupa kuliko nitrojeni. Kila mashine iwe na sponji mbili, moja kazini na nyingine kwenye kamba. Kuosha ni kila wiki. Kiangazi cha vumbi, mara mbili kwa wiki. Kisha isogezeni sentimita 30 kutoka ukutani, mbali na pazia na blanketi, maana kompresa yenye joto huzaa kidogo.

Halafu tafuteni uvujaji. Kunjeni mpira unaopeleka hewa kwa mgonjwa, baada ya chupa ya maji ya kulainisha hewa: gololi inatakiwa kushuka hadi chini. Isiposhuka, hewa inatorokea njiani, na mara nyingi ni mfuniko wa chupa uliofungwa upande au uliopasuka.

Mkishamaliza hayo, mwambieni fundi alete kipima oksijeni. Mashine iachwe ikiwaka dakika 15 bila mgonjwa, apime kwenye lita 5, apime tena kwenye lita 2. Usafi ukiwa mzuri kwenye 2 na kuanguka kwenye 5, bado mashine ina uhai. Hapo aangalie chujio la ndani la kompresa na apime shinikizo. Shinikizo likiwa dogo na hakuna panapovuja, kompresa imechoka. Nyingi hufufuliwa kwa kubadilishiwa sili za pistoni. Shinikizo likiwa sawa na oksijeni bado hafifu, tatizo ni vali au zeolaiti. Fundi anayeshauri kununua mpya kabla ya kuwa na vipimo hivi viwili, cha usafi na cha shinikizo, anabahatisha, na anabahatisha kwa fedha ya kituo.

Na hiyo nzima isiwahi kufungiwa stoo miezi kadhaa. Unyevu huingia polepole hata mashine ikiwa imezimwa, kwa hiyo iwasheni mara kwa mara.

SWALI: Wafadhili kutoka Marekani wanataka kutuletea mashine sita zilizotumika. Kibao kinasema 115 V, 60 Hz. Transfoma itatosha?
Mhasibu wa hospitali ya misheni

JIBU: Haitatosha. Transfoma inashusha volti 230 zetu hadi 115, lakini haigusi hezi (Hz), yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu ni 50 Hz, kwa hiyo mota ya kompresa iliyotengenezewa 60 itazunguka kama sehemu tano za sita za mwendo wake. Hewa inapungua, mota inachemka, usafi unashuka, na baadaye lawama zinamwangukia muuguzi. Ombeni za 230 V, 50 Hz. Kabla mzigo haujapakiwa, watume picha ya kibao, picha ya kihesabu saa kinachoonyesha mashine imefanya kazi saa ngapi, kitabu cha matengenezo na vichujio vya miaka miwili. Kukataa zawadi kwa adabu ni nafuu kuliko kulipia bandari kwa kitu kitakachoishia nyuma ya jengo. Mashine ya lita 5 hula takriban wati 350. Panapo umeme wa kuyumba, kila moja iwekewe stabilaiza yake, isiyopungua VA 1000.

SWALI: Chupa ya unyevu tuitie maji gani? Ya bomba yanaacha ukoko mweupe.

JIBU: Maji ya distili, au yaliyochemshwa yakapoa. Yamwagwe kila siku, chupa ioshwe na kukaushwa. Msiongezee mapya juu ya ya jana. Ukoko huo ni chokaa. Kwa mtoto anayepewa lita 1 au 2 kwa kanula, mpira mwembamba wa puani, chupa hiyo kwa kawaida hata haihitajiki, kwani pua yenyewe inatosha kulainisha hewa.