Ofisini Kampala au nguzoni Lira? Jibu langu kwa injinia mpya

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Umemaliza uhandisi wa umeme Makerere na una barua mbili mkononi: ofisi ya washauri Kampala, kazi ya kuchora na kupiga hesabu, shilingi milioni moja na laki mbili kwa mwezi, na mkandarasi wa laini za umeme kule Lira, laki tisa. Mama anataka ofisi. Marafiki wanasema achana na zote, kimbilia Hoima kwenye mafuta.

Mimi ni mtoto wa reli, nimekulia Tororo, na Kiswahili hiki ni cha karakana ya baba. Mwaka 2011 nilikuwa palepale ulipo. Nilichagua ofisi.

Mwaka wa pili nikapewa pampu ya kisima cha kijiji kimoja Busoga. Pampu ya kuzamishwa, kilowati 4, fesi tatu. Mchoro ulionyesha mita 120 kutoka kwenye mita ya umeme hadi kisimani. Nikapiga hesabu, nikaandika kebo ya milimita mraba 2.5, bosi akasaini. Kwenda kupaona sikwenda. Gari la ofisi lilikuwa na shughuli nyingine, nami wala sikulilia.

Baadaye nikahamia kwa mkandarasi, na moja ya kazi zangu za kwanza ikawa pampu ambayo mota yake ilikuwa inaungua kila baada ya miezi michache. Nafika, nafunua mchoro, kwenye kona naona jina langu.

Kumbe mwenye shamba alikataa nguzo isisimame kwake, mita ikahamishiwa barabarani, kebo ikavutwa karibu mita 300. Hakuna aliyerudi kwenye hesabu. Na pale ni mwisho wa laini: jioni watu wakiwasha taa tulipima volti 365 badala ya 400, kisha ile kebo yangu nyembamba ikala nyingine thelathini na ushee njiani. Chuoni nilifundishwa kwamba volti zikishuka mota huvuta ampea zaidi ili kazi isipungue, na ampea zikizidi koili hupata moto hadi kuungua. Nilipata alama nzuri sana kwenye swali hilo.

Fundi mzee aliifungua mota juu ya turubai, akachomoa koili akaniletea puani. Vanishi imeungua, nyeusi, ukiigusa inabaki kwenye vidole. Akauliza, wala si kwa kejeli, "Injinia, waya huu alichagua nani?" Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akasema basi leo tuchague mwingine. Tukaweka wa milimita mraba 10.

Ningebaki ofisini, hadi leo ningekuwa naamini ile kazi niliifanya vizuri. Ndiyo maana nakwambia nenda Lira. Ofisi si mbaya, na wapo wachoraji ninaowavulia kofia, lakini wote ninaowajua walikula vumbi kwanza. Kaa mahali ambapo kitu kikiharibika simu inakuja kwako. Miaka mitatu minne hivi, kisha ofisi itakutaka kwa bei nyingine.

Na laini ndiko kazi iliko. Bwawa la umeme la Karuma peke yake ni megawati 600, la Isimba 183, la Bujagali 250. Umeme wa kuzalishwa tunao, kinachokwama ni kuufikisha kwa mtu. Umeme Limited, kampuni binafsi iliyokuwa ikisambaza umeme, mkataba wao wa miaka 20 uliisha Machi 2025 na usambazaji ukarudi UEDCL, kampuni ya serikali. Kampuni hubadilika majina, ila nguzo zinaoza vilevile na transfoma zinataka mafuta vilevile.

Kuhusu Hoima: bomba la mafuta la kwenda Tanga ni kilomita 1,443, na kwa kuwa mafuta yetu yana nta, lazima lipashwe joto kwa umeme njia nzima. Kwa mtu wa umeme hiyo ni kazi tamu kweli. Lakini wajenzi wengi huondoka ujenzi ukiisha, na wanaobaki kuliendesha ni wale walioingia na ujuzi. Wewe bado huna. Usikasirike.

Jambo jingine la haraka: jiandikishe UIPE, chama cha wahandisi wa Uganda, sasa hivi kama mhitimu, na kila kazi uandike kwenye daftari tarehe, ulichofanya mwenyewe, na aliyekusimamia. Ukienda kuomba usajili wa bodi ya wahandisi, kumbukumbu za kichwani hazitakufikisha mbali. Kabla hujasaini, uliza huko Lira nani atakuwa juu yako, na kama yeye mwenyewe amesajiliwa. Wakijikunajikuna, rudi hapa tuzungumze upya.

Uliza pia nani analipia malazi. Mimi sikuuliza, nikala posho, yaani ugali, na maharage kwa mkopo miezi miwili kwa mama mmoja mwenye kibanda. Mpaka leo nikipita pale ananiita "injinia wa deni".