Punguzo la kawaida kwenye Fomu 1040: linakupunguzia nini, na kipi halikigusi

Swali linaloulizwa kuliko yote na Watanzania, Wakenya na Wakongo wanaojaza kodi Marekani ni hili: “Zile dola 31,500 za punguzo nitazipata lini?” Huzipati. Punguzo la kawaida, lile lililoandikwa Standard Deduction kwenye Fomu 1040 ya kodi ya mapato ya kila mwaka, si hela ya kurudishiwa. Ni sehemu ya mapato yako ambayo serikali ya shirikisho haiitozi kodi, na huombwi risiti hata moja.

Tuchukue mume na mke wanaojaza pamoja kwa mwaka 2025. Jumlisha kisanduku namba 1 cha W-2 zao zote, yaani hati za mshahara wa mwaka kutoka kwa waajiri: dola 58,000. Toa 31,500. Zinabaki 26,500, na hizo tu ndizo zinazotozwa. Dola 23,850 za kwanza zinatozwa asilimia 10, sawa na 2,385. Zilizobaki 2,650 zinatozwa asilimia 12, sawa na 318. Kodi yao ni 2,703. Sasa angalia kisanduku namba 2, ambacho ndicho kodi waliyokatwa kazini mwaka mzima. Wakiwa wamekatwa 3,900, zinarudi 1,197, na hapo bado hatujagusa nafuu za watoto.

Viwango vya 2025 ni 15,750 kwa asiye na ndoa, 31,500 kwa wanandoa wanaojaza pamoja, na 23,625 kwa mkuu wa kaya (Head of Household, kwa kawaida asiye na ndoa anayemtunza mtegemezi nyumbani). Kwa mapato ya 2026 vinapanda kuwa 16,100, 32,200 na 24,150. Ukikuta mahali pameandikwa 15,000 na 30,000 kwa mwaka 2025, ujue paliandikwa kabla ya sheria ya Julai 2025 kuviongeza. Sheria hiyo ilikuja katikati ya mwaka, na viwango vya makato ya mishahara havikubadilishwa kuifuata. Ndiyo maana wengi walikatwa zaidi ya walichopaswa, na ziada hiyo hairudi mpaka ujaze.

Fomu 1040 yenyewe imefupishwa. Hadi ritani (taarifa ya kodi unayotuma kila mwaka) za mwaka 2017 zilikuwepo fomu tatu: 1040EZ kwa mwenye mambo mepesi, 1040A, na 1040 kamili. Kuanzia mwaka 2018 zile mbili ndogo zilifutwa, ikabaki 1040 moja kwa wote. Lakini mistari iliyoondolewa haikutupwa. Ilihamishiwa kwenye viambatisho. Mwaka wa kwanza viambatisho vyenye namba vilikuwa sita, mwaka uliofuata vikapunguzwa hadi vitatu. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kujaza kurasa mbili za mbele akadhani amemaliza, wakati hela ya Uber ilitakiwa kupitia Schedule C (kiambatisho cha kazi ya kujiajiri) na Schedule 1, na nafuu ya ada ya chuo ipitie Schedule 3. Mwenye W-2 peke yake, bila nafuu kama hiyo, haguswi na hayo.

Mwaka 2018 ndipo pia punguzo lilipokaribia kuongezeka maradufu, kutoka 12,700 hadi 24,000 kwa wanandoa. Familia kubwa zinapaswa kulielewa hili vizuri. Kabla ya hapo, juu ya punguzo, kila mtu aliyeandikwa kwenye ritani alikuwa na msamaha wake wa dola 4,050. Baba, mama na watoto sita walikuwa na 12,700 na misamaha minane ya jumla ya 32,400, yote pamoja 45,100. Misamaha ilipofutwa wakabaki na 24,000. Kilichokuja kuziba pengo ni nafuu ya mtoto, iliyopanda kutoka 1,000 hadi 2,000, na kwa mwaka 2025 ni 2,200. Nafuu hii hupunguza kodi yenyewe, dola kwa dola, kwa hiyo usiichanganye na punguzo. Masharti yake ni makali: mtoto awe hajafikisha miaka 17 hadi Desemba 31, awe na namba ya Social Security inayoruhusu kazi, na tangu 2025 mzazi mmoja angalau awe nayo pia. Mtoto aliyefikisha 17, au bibi unayemlea nyumbani kwako na anayekidhi masharti ya utegemezi, analeta 500 tu. Familia ambayo hela yake ya kurudishiwa imeshuka ghafla bila mshahara kubadilika, mara nyingi sababu ni siku ya kuzaliwa ya mtoto.

Je, ukusanye risiti? Njia ya risiti ni Schedule A, na unachagua moja, ama hiyo ama punguzo la kawaida. Wanandoa waliolipa riba ya nyumba 8,000, kodi ya jimbo 2,300 na sadaka kanisani 3,000 wana 13,300. Hazifiki hata nusu ya 31,500, kwa hiyo risiti hizo hazibadilishi chochote kwenye ritani ya shirikisho ya 2025. Kwa wapangaji wengi hesabu hii haihitaji hata dakika tano. Hela unayomtumia mama Bukavu au Tanga haipunguzi kodi kwa njia yoyote ile, na mchango wa moja kwa moja kwa msikiti au kanisa lililo nje ya Marekani pia kwa kawaida hauhesabiwi. Dereva wa lori aliyeajiriwa kwa W-2 asijaze buti, chakula na simu: gharama za mwajiriwa za aina hiyo ziliondolewa tangu 2018.

Dereva wa kujiajiri ni habari nyingine. Gharama zake huingia Schedule C, na bado anachukua punguzo la kawaida lote. Wengi huogopa kwamba wakiandika maili watanyimwa punguzo. Hapana, hayo ni mambo mawili tofauti. Kwa 2025 kila maili ya kazi ni senti 70, mradi uwe na daftari lenye tarehe, safari na maili.

Ila hapo hapo ndipo panapoumiza watu zaidi. Punguzo la kawaida haligusi kodi ya kujiajiri, ile ya Social Security na Medicare. Mtu mwenye faida ya 12,000 anaona iko chini ya 15,750, anasema hana haja ya kujaza. Anapaswa kujaza, kwa sababu faida ikifika 400 tu ritani ni lazima. Hesabu yake ni 12,000 mara asilimia 92.35, unapata 11,082, kisha asilimia 15.3 ya hiyo, karibu dola 1,696. Asipojaza, riba na faini vinaendelea kupanda mpaka barua imfikie.

Jipya kwa 2025 ni Schedule 1-A, kiambatisho cha mapunguzo ya ziada, ambayo hutumika pamoja na punguzo la kawaida. Humo mna ovataimu, na kinachohesabiwa ni ile nusu ya juu peke yake. Ukilipwa 20 kwa saa na 30 kwa ovataimu, ni 10 ndiyo inayohesabika. Saa 300 zinakupa 3,000, na kwa mtu wa asilimia 12 hiyo ni akiba ya 360. Tafuta hati ya mwisho ya mshahara ya Desemba, maana W-2 ya mwaka huo huenda isiionyeshe. Wazee wa miaka 65 na zaidi wana 6,000 kila mmoja humo humo hadi 2028, ikianza kupungua mapato yakipita 75,000, au 150,000 kwa wanandoa. Wanandoa wanaojaza kila mmoja peke yake hawapati hizi mbili.

Hali ya ujazaji ndiyo inayoamua punguzo lako, na hapa tunasema wazi: mume na mke wanaolala nyumba moja hawawezi wote wawili kujiandika wakuu wa kaya. Wapo waandaaji wanaofanya hivyo ili wapate 23,625 mara mbili. Ikigundulika kuwa ni uzembe wa makusudi, nafuu ya mtoto inaweza kufungwa kwa miaka miwili. Ikiwa ni udanganyifu, miaka kumi.

Mwenye mke au mume aliyebaki nchi ya nyumbani, nje ya Marekani, ana njia mbili kuu. Ajaze kama mwanandoa peke yake kwa 15,750, au wachague pamoja kumhesabu huyo wa nyumbani kama mkazi na wajaze kwa 31,500. Njia ya pili inahitaji tamko lililosainiwa na wote wawili, Fomu W-7 ya kuomba ITIN (namba ya kodi ya asiyestahili Social Security) kama hana namba, na mapato yake ya huko yaandikwe pia.

Mwanafunzi wa viza ya F-1, kwa kawaida katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda, hajazi 1040. Anajaza 1040-NR, na hana punguzo la kawaida kabisa. Wahindi wanalo kwa mkataba wa nchi yao. Kenya na Tanzania hazina mkataba huo. Programu ya simu isiyomuuliza viza inaweza kumpa 15,750 kimakosa.

Kijana wako anayefanya kazi ghalani na bado unamwandika kama mtegemezi lazima atie alama kwenye mstari wa 12a. Punguzo lake ni mshahara wake ukiongeza 450, lisizidi 15,750, kwa hiyo mwenye 9,000 bado hana kodi. Asipotia alama akatuma kwanza, yako inaweza kukataliwa.

Nyinyi wawili mkifanya kazi, au mmoja akiwa na kazi mbili, rekebisheni W-4, fomu inayomwelekeza mwajiri akate kodi kiasi gani. Kila mwajiri hukata kana kwamba ndiye pekee, akiwapa punguzo lote. Punguzo linatolewa mara mbili kwenye makato, na Aprili mnadaiwa. Kama kazi ni mbili tu na mishahara inakaribiana, tieni alama kwenye kisanduku cha Hatua ya 2 kwenye W-4 zote mbili.

Kodi ya jimbo ina sheria zake. Texas haina kodi ya mapato. Pennsylvania inayo lakini haina punguzo la kawaida.

Anayekujazia kwa malipo lazima asaini na kuweka namba yake ya mwandaaji kodi, PTIN. Asiyetaka kusaini, au anayetoza asilimia ya hela inayorudi, chukua karatasi zako uondoke; vituo vya VITA (mpango wa kujitolea wa kusaidia watu kujaza kodi), vingi vikiwa maktaba, hujaza bure kwa watu wa kipato cha kawaida. Na kama mwaka uliopita ulikosea, Fomu 1040-X ndiyo ya kusahihisha. Kwa kawaida una miaka mitatu tangu ulipojaza kudai hela iliyobaki kwao.