Machozi ya Watazamaji Hayampi Mtu Kitambulisho

Vijana wa vikundi vya sanaa hapa Mombasa hunijia mara kwa mara na wazo lilelile: wamepata ufadhili kidogo, wanataka kutoa mchezo kuhusu watu wanaolala nje, na mswada umeshaandikwa. Nikiwauliza mchezo unaishaje, huniambia mtoto anakufa. Anakufa kwa kuvuta gundi, au kwa homa, au anagongwa na gari. Watu watalia, wanasema, na kweli watalia. Kisha watapanda matatu warudi zao Bamburi na Mikindani, na kesho asubuhi watampita kijana yuleyule karibu na zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue kama wanavyopita nguzo ya stima.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa ni hili: unataka nani afanye nini? Mpaka ulijibu, usimwite mtu mazoezini. Tafuta jambo moja linalowakwamisha hao unaotaka kuwasemea, jambo ambalo mmoja wa watakaokaa mbele yako ana uwezo wa kulikwamua. Huzuni itakuja yenyewe, haihitaji kusukumwa.

Takwimu zipo. Serikali ya Kenya ilihesabu watu wa mitaani mwaka 2018 ikapata 46,639 nchi nzima, Nairobi 15,337 na Mombasa 7,529, sisi tukawa wa pili. Nambari hizo ziweke kwenye barua ya kuomba fedha. Jukwaani sijaona zikimfanyia mtu kazi yoyote.

Jambo la kuchezea hulipati ofisini. Lazima uende ukakae nao, na uende saa zao. Wanaookota plastiki na vyuma hutoka kabla ya alfajiri, na asubuhi ikishapanda wanakuwa wameshauza kwa mwenye skrapu. Jioni wanahangaika kwenye mikahawa na kwenye taa za barabarani. Wakati wao wa kupumzika ni adhuhuri, jua linapowasukuma kivulini. Hapo ndipo utawapata, na uende na chakula: mbaazi na mahamri, chai, kile wanachokula watu wote. Mkae, mle pamoja kwanza, ndipo mzungumze. Mtu mwenye njaa atakwambia lolote unalotaka kusikia ili mkutano uishe. Gundi nayo utaiona. Hutumika kuzima njaa na baridi, na mtu akishashiba mara nyingi huiweka kando mwenyewe. Kundi letu halikuwahi kuweka sheria juu ya hilo. Waliiweka wao: anayekuja mazoezini amevuta, anakaa pembeni siku hiyo, anatazama.

Tulipokaa hivyo na vijana wa upande wa Mwembe Tayari, wenzangu walikuwa wamejiandaa kusikia habari za njaa na mvua. Kilichotawala mazungumzo ni kitambulisho. Ukifika miaka 18 unahitaji kitambulisho, na ili ukipate unatakiwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Mzazi hayupo, au yupo Kilifi na hamjaonana miaka. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, kwa hiyo hela ya kubeba mizigo unalala nayo mfukoni, na usiku inaibwa. Hata kazi ya ulinzi huipati. Na askari wa kaunti wakija na msako, huna cha kuwaonyesha.

Basi tukalicheza hilo. Mchezo wa robo saa, maneno mengi yakiwa ya kubuniwa papo hapo. Msichana anakwenda kwa chifu kuomba barua.

"Shikamoo, chifu. Nimekuja kuomba barua ya kitambulisho."

"Marahaba. Unakaa wapi?"

"Mwembe Tayari."

"Nyumba ya nani?"

Msichana anatazama chini.

"Nauliza, mwenye nyumba ni nani?"

"Ni pale kibarazani, chifu. Kwenye duka la magodoro."

"Kwa hiyo wewe ni godoro?"

Watu walicheka sana. Aliyemcheza chifu mwenyewe hulala nje, na alikuwa ameshasimama mbele ya meza nyingi za namna hiyo kiasi cha kuijua hata namna ya kuzungusha kalamu mtu anapotaka kukufukuza. Wacha wacheke. Mchezo ulikwenda hivyo hadi mwisho, msichana akaondoka mikono mitupu. Kisha msimamizi wetu akatoka mbele akasema: tutaurudia tangu mwanzo, na safari hii yeyote anayeona msichana angefanya vingine, apige makofi tusimame, aje achukue nafasi yake.

Aliyepiga makofi ni mama anayeuza mahamri jirani na pale. Hakutaka hata kuchukua nafasi ya msichana, alikuja akasimama naye bega kwa bega. "Huyu hunitekea maji na kunioshea masufuria kila alfajiri," akamwambia chifu wa mchezo. "Andika jina langu. Nyumba yake ni mimi."

Chifu hakulegea, maana tulimfundisha asilegee. "Mama, una uhusiano gani naye?"

"Na wewe una uhusiano gani nami, mbona mahamri yangu unakula kwa deni?"

Uwanja ukalipuka. Lakini angalia kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo. Mzee mmoja wa nyumba kumi, wa kweli, si wa mchezo, alisimama nyuma akasema yeye anaweza kumtambulisha mtu kwa chifu iwapo kuna mkaazi wa eneo atakayesimama kama alivyosimama yule mama. Tulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuigiza, hakupiga ngoma, kazi yake ilikuwa daftari. Kabla makofi hayajatulia alikuwa ameshaandika jina la mzee, namba yake na siku aliyosema tumwendee. Bila daftari, ahadi ile ingeyeyuka palepale. Waliopata barua baadaye si wote, na wengine bado wanazungushwa, lakini waliopata walianzia kwenye ule ukurasa.

Mtindo huu wa kumwachia mtazamaji auvunje mchezo haukuanzia kwetu. Mwasisi wake ni Augusto Boal wa Brazil, aliyeamini kwamba mtazamaji anayekaa kimya amenyang'anywa kitu. Alipokuwa diwani jijini Rio de Janeiro, kati ya 1993 na 1996, alitumia michezo ya namna hii kukusanya mapendekezo ya wananchi, na 13 kati yake yakawa sheria za jiji. London kuna kundi la Cardboard Citizens, tangu 1991, linalotumia njia hiyohiyo na waigizaji waliopitia maisha ya kukosa makazi. Na kabla hujasema haya ni ya Wazungu na Walatini, kumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa Malya, mkoani Mwanza, wakiwasaidia wanakijiji kuyachunguza matatizo yao na kuyachezea wenyewe. Tuna walimu karibu.

Sasa suala la nani aigize. Waigize wenyewe wanaoishi hali hiyo, hilo silibishanii. Ila mtu asicheze kisa chake mwenyewe. Hapa nawakemea hata marafiki zangu wa mashirika, wanaopenda "ushuhuda": msichana anasimama mbele ya wageni anasimulia alivyobakwa, wageni wanatoa leso, gari linawarudisha hotelini. Yeye anarudi kulala palepale, na sasa mtaa mzima unajua. Changanyeni visa, vunjeni, badilisheni mji na jina na hata jinsia, kisha kisa kilichotoka kwa mmoja achezeshwe mwingine. Kwa walio chini ya miaka 18 uwe mkali zaidi: hakuna picha ya uso, hakuna jina, na uwe umezungumza na afisa wa watoto mapema. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamhesabu mtoto anayeishi mtaani kuwa anayehitaji matunzo na ulinzi. Ijue, kwa sababu utakutana na askari asiyeijua.

Malipo. Lipa siku hiyohiyo, wote sawa, faraghani, na mapema kabla ya giza. Kijana anayejulikana kuwa amelipwa, akilala nje usiku huo, atapigwa. Baadhi yao watakuomba umwachie hela mtu wanayemwamini, mwenye kioski au mama wa chai. Fanya hivyo, na waandikishane.

Si lazima iwe tamthilia. Kitu kilichowavuta kina mama kuliko mchezo wowote tuliotoa kilikuwa kanga, au niseme mfano wa kanga, kwa sababu kuchapisha kanga halisi ni gharama. Tulinunua bafta na rangi, wasichana wakachora wenyewe: pindo la chupa za plastiki zilizopangana shingo kwa shingo, mji wa kati ukiwa mkokoteni, na chini jina, yaani yale maneno ya kanga. Siku nzima ilikwenda kwenye kubishania jina. La kwanza lilikuwa la kuomba, likakataliwa na wao wenyewe. Lililopita ni "Wanijua kwa kunipita, waniulize nimetoka wapi". Tulizitundika kwenye kamba kando ya njia ya watu waendao sokoni. Mwanamke wa Pwani hapiti kanga bila kusoma jina, hata akiwa na haraka. Wakasimama, wakasoma, wakauliza aliyetunga ni nani, na aliyetunga alikuwa amesimama palepale na brashi mkononi. Mazungumzo hayo huwezi kuyanunua kwa kipaza sauti.

Maonyesho ya picha kwenye kumbi za hoteli, kusema kweli, yananichosha. Wanaokuja ni walewale.

Usiogope furaha. Anne Wanjugu, mwigizaji, alipoanzisha Shangilia Mtoto wa Afrika jijini Nairobi mwaka 1994, aliwachukua watoto wa mitaani akawapa sarakasi na ngoma. Watu walikuja kuwatazama kwa sababu walikuwa hodari. Mwaka 2014 vijana wa Tanzania walitwaa kombe la dunia la watoto wa mitaani kule Rio kwa kuifunga Burundi fainali, na kwa siku chache nchi yao ikawa inawaita "vijana wetu". Mtu akishakushangilia, kesho kukukunjia uso kunamwia vigumu kidogo. Weka sarakasi kabla ya mchezo. Inakusanya watu, na inawaonyesha waigizaji wako wakiwa juu kabla hawajaonekana wakiwa chini.

Kuhusu ruhusa, fanya mapema na kwa maandishi. Sheria ya mikutano ya hadhara inataka polisi waarifiwe siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Mpelekee OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Kaunti nayo ina lake juu ya uwanja na vipaza sauti. Utakutana na afisa atakayekwambia unaharibu sura ya mji wa watalii, mimi nimeambiwa. Usibishane naye kuhusu watalii. Mwonyeshe muhuri. Nchi hii ina historia ndefu ya kuogopa michezo ya wanyonge: kule Kamirithu, Limuru, wanakijiji walijijengea jukwaa la wazi, mchezo wao ukapigwa marufuku mwaka 1977, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Pia weka kwenye faili yako maoni ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, ya Desemba 4, 2020, kwamba sheria za kuwakamata watu kwa uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Maafisa wengi hawajawahi kuyasikia. Ukiyataja kwa adabu, sauti hushuka.

Bajeti yetu kubwa siku zote huwa chakula na nauli za ufuatiliaji. Mavazi na mapambo ni kidogo kabisa. Nikiona bajeti ambayo fulana zenye nembo zimezidi nauli za kumpeleka mtu kwa msajili, najua mradi ni wa nani. Tenga angalau miezi mitatu ya kufuatilia baada ya onyesho la mwisho, na umlipe yule wa daftari kwa miezi yote hiyo.

Na tarehe. Wafadhili watakusukuma kwenye Aprili 12, siku ya kimataifa ya watoto wa mitaani. Mombasa mwezi huo masika yanaweza kuwa yameanza, na uwanja wa wazi ukilowa hakuna mchezo. Fanyeni kongamano siku hiyo kama ni lazima, ndani. Onyesho lenyewe liweke Januari au Februari, kaskazi, saa kumi na moja jioni jua likishapoa, na uangalie kwanza Ramadhani inaangukia wapi, kwa sababu mama wa mahamri wakati huo jioni yote yuko kwenye karai.