Gari la umeme Tabora: lipoze mchana, likiwa bado limechomekwa

Ushauri mwingi wa magari ya umeme unaozunguka mitandaoni umeandikwa na watu wanaokwangua barafu kwenye kioo. Wanasema weka taima, ndani ya gari kupate joto kabla hujatoka asubuhi. Kwetu Tabora, saa moja asubuhi hata Oktoba hewa ni nzuri tu, unashusha vioo na safari inaanza. Shida yetu ipo saa nane mchana.

Mji wetu ni mdogo, na wengi tunarudi nyumbani kula. Gari likikaa juani wakati unakula ugali wako, ndani hupita nyuzi 50 bila taabu. Ukiliwasha hivyo, kiyoyozi kinafanya kazi kwa nguvu zote na kinakula betri kabla hujafika barabara kuu. Kwa hiyo mimi nachomeka mchana, hata kama betri haihitaji chaji. Kinachotafutwa hapo ni umeme wa ukutani uendeshe kiyoyozi, betri ipumzike.

Kwenye Nissan Leaf, ambazo ndizo nyingi kati ya hizi za mtumba kutoka Japani, taima ya kiyoyozi hufanya kazi gari likiwa limechomekwa. Weka saa ya kuondoka, lenyewe litaanza kupoza mapema. Menyu ni ya Kijapani, basi elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri. Angalia na saa ya gari: Japani wako mbele yetu kwa saa 6, na taima isiyorekebishwa itapoza gari wakati wewe uko kazini. Ile programu ya simu ya kuwasha kiyoyozi ukiwa mbali, kwa magari ya soko la Japani, usiitegemee huku.

Gharama? Dakika ishirini za kupoza ni kama nusu uniti. Kwa shilingi 292 kwa uniti, ukiongeza VAT na tozo, haifiki shilingi 200. Nusu uniti hiyo ukiitoa kwenye betri, umepoteza kama kilomita tatu za mjini. Na kabla taima haijaanza, fungua milango miwili ya pande tofauti kwa dakika moja hewa ya moto itoke. Hiyo ni bure, na inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kivuli nacho ni bure. Miembe tunayo ya kutosha, ila ikianza kuiva, egesha pembeni kidogo. Embe bichi likidondoka kwenye boneti linaacha bonde, na utomvu wake unakula rangi.

Sasa usiku. Soketi ya kawaida ukiivuta ampea 10 kwa volti 230 inakupa kilowati 2.3, yaani kwa saa sita unapata karibu uniti 13 au 14, na sehemu yake inapotelea njiani. Kwa mizunguko ya Ipuli, Kiloleni na mjini inatosha na kubaki. Mimi naanza baada ya saa tano usiku. Jioni majirani wote wanapika na kupiga pasi, umeme unakuwa mdogo. Tena betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji, hivyo ukitoka Nzega na jua la mchana, iache ipoe kwanza. Na usiijaze hadi 100 kisha ukaiacha juani siku nzima, 80 inatosha kwa mjini.

Kama nyumba yako iko kwenye bei ya shilingi 100 kwa uniti, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, isahau. Gari litakuvusha. Panga bajeti kwa bei ya kawaida tangu mwanzo, na uangalie LUKU kabla ya kulala.

Jambo ambalo ningelipa fedha mapema kuliko yote ni fundi umeme mzuri. Soketi ya gari iwe na waya wake kutoka kwenye bodi ya umeme ya nyumba, na breka yake, yaani swichi ya kukata umeme. Ekstensheni iliyoviringishwa inapata moto hadi inayeyuka, achana nayo kabisa. Waya wa chaja uliokuja na gari kutoka Japani nao umetengenezwa kwa volti 100 au 200 za kwao, tafuta wa volti 230.

Halafu kuna ethi, yaani waya wa usalama unaounganisha umeme wa nyumba na ardhi. Chaja nyingi hukataa kufanya kazi zikiona ethi mbovu, na udongo wetu wa kichanga ukikauka kuanzia Agosti, ethi inadhoofika hata kama ilipimwa vizuri masika. Mtu anaanza kulaumu gari. Mwambie fundi aipime kiangazi, na kama haitoshi aongeze rodi ya pili ya chuma ardhini. Wakati mkimsubiri, ndoo ya maji kwenye shimo la ethi huwa inarudisha chaji.

Novemba mvua zikianza, mambo yanageuka: ethi inakaa sawa, lakini radi zinakuja. Ukisikia ngurumo, chomoa kabisa kwenye soketi, usizime breka tu. Umeme ukikatika, subiri urudi na utulie dakika kadhaa ndipo uchomeke tena.