Swali la lugha: "Adui" na mbio za farasi

Msomaji wa Tanga anauliza: "Madrasa tulifundishwa kwamba Al-Aadiyaat ni farasi waendao mbio. Juzi nimesikia kwamba neno hilo na 'adui' yana mzizi mmoja, na kwamba 'farasi' nalo lina undugu na jina la Kiarabu la wanyama wakali. Mbio, uadui na ukali wa mnyama vinakutana wapi?"

Kuhusu "adui", uliyoyasikia ni kweli. Mzizi wake ni herufi tatu za Kiarabu, ayn, dal na waw, na kitenzi chake, adaa, humaanisha kwenda mbio, lakini pia kumrukia mtu na kumdhulumu. Ibn Faris, mtunzi wa kamusi aliyefariki mwaka 1004, aliurejesha mzizi wote kwenye maana moja, nayo ni kuvuka mpaka uliopasa kukomewa: akimbiaye amepita mwendo wa kawaida, adui amepita haki ya mwenzake. Ushahidi ulio wazi zaidi ni jina la mtenda. Aadiyaat, linaloifungua sura ya 100 ya Qur'ani, ni wingi wa kike wa jina hilo, na umoja wake wa kiume, aadi, umo katika hadithi inayomruhusu aliyehirimia Hija kumuua as-sabu' al-aadi, yaani mnyama mkali anayeshambulia. Kwa hiyo umbo lilelile linamfaa farasi anayehema kwa mbio na simba anayemrukia mtu.

"Farasi" linahitaji tahadhari zaidi. Kitenzi farasa, kikisemwa juu ya simba, ni kuvunja shingo ya windo, na humo ndimo lilimotoka muftaris, mnyama awindaye wenzake. Ibn Faris, ambaye jina lake lenyewe ni "mwana wa mpanda farasi", anasema mzizi huu unaonyesha kukanyaga na kuponda, kisha anaongeza kwamba yamkini farasi aliitwa hivyo kwa jinsi anavyoiponda ardhi kwa miguu yake. Nami naliacha kwenye "yamkini" hiyo, kwa sababu Kiebrania nacho kina neno la jamii hiyo kwa mpanda farasi, na historia ya jina hili ni pana kuliko Kiarabu peke yake.

Kiswahili hakikuchukua mizizi, kilichukua maneno mazima. Aduww, yaani adui kwa Kiarabu, lilipoteza ayn, ambayo ulimi wetu hauna, likawa "adui", na pamoja nalo ikaja "adawa". Maana ya mbio ilibaki ng'ambo, kwa kuwa "kimbia" lilikuwepo tayari. Faras liliongezwa irabu mwishoni, kama ilivyo desturi yetu. Tunalo pia "farisi", mtu hodari wa jambo, kutoka kwa faaris, mpanda farasi, ambalo halihusiani na Mafarisayo wa Injili.

Neno "ada" nalo usiliingize humu, ingawa linafanana na aadi kwa sauti: mzizi wake ni ayn, waw, dal, herufi zilezile kwa mpangilio mwingine, na maana yake ni kurudia jambo.