Kwa binti yangu: nishati jadidifu au umeme wa kawaida?

Mama yangu,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaona jibu lake haliwezi kutosha kwenye simu. Umeniuliza hivi: stashahada ya umeme unayo, kazi ya kufunga sola hapo Arusha umeizoea, sasa unataka shahada. Je, uchukue uhandisi wa nishati jadidifu, au uchukue uhandisi umeme kama wengi wafanyavyo? Na wenzako kazini wanakukatisha tamaa, eti nishati jadidifu ni shahada ya kupandisha paneli juu ya bati, kazi ambayo fundi wa mtaani anaifanya bila kukanyaga chuo.

Kasome nishati jadidifu. Nina sharti moja tu, nitalifikia. Kwanza niseme na hao wenzako.

Waulize umeme unaowasha taa zao unatoka wapi. Kidatu ni megawati 204, Kihansi 180, Mtera 80, na sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Yote hiyo ni nguvu ya maji, na maji yamo ndani ya fani unayoiulizia. Hapa kwetu mito ya Kikuletwa na Ruvu inamwaga maji bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya megawati 8, kisha yanashuka na Mto Pangani hadi Hale na Pangani kule Tanga, yanazungusha tena. Kiwanda cha sukari cha TPC, hapo chini ya Moshi, kinachoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme wake. Biogesi ya samadi ya ng'ombe wa ndani iliendelezwa hapohapo Arusha, kwenye CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, tangu miaka ya 1980, na mitambo yake iliyojengwa chini ya ardhi iko migombani kwetu mpaka leo. Anayesema fani hii ni sola peke yake ameona kipande kimoja.

Sasa niende kwenye jambo ambalo ndilo hasa lilinifanya nichukue kalamu. Machi 2025 Rais Samia, akiwa mkoani kwetu Kilimanjaro, alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia upitie Kenya, uje uhudumie Kaskazini. Mjini watu walishangaa: bwawa lote lile tumejenga, tununue tena umeme? Wanafunzi wangu wa kidato cha sita waliniuliza vilevile, nikawaambia watoe kalamu tupige hesabu. Umeme ukipita kwenye waya, sehemu yake hugeuka joto na kupotea, na upotevu huo hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidi mara mbili, upotevu unazidi mara nne. Mitambo mikubwa iko mbali na sisi, na kila kilomita ya waya inadai chake. Ukisafirisha nguvu ileile kwa kilovolti 400 badala ya 220, mkondo unapungua, na upotevu kwenye waya uleule unashuka hadi chini ya theluthi moja ya ule wa mwanzo. Ndiyo kazi ya ile minara mirefu unayoiona ikitoka Singida, ikipita Arusha kwenda Namanga. Watoto walipomaliza hesabu, darasa lilikuwa kimya, na mmoja akauliza kwa nini basi tusizalishe umeme karibu na wanaoutumia.

Hilo ndilo swali la fani yako, mwanangu. Nchi hii ina maji, ina jua, ina upepo wa Singida, ina joto la ardhini kwenye Bonde la Ufa. Wakenya wanatoa umeme wa jotoardhi Olkaria tangu 1981, na kule Ziwa Turkana wana mitambo 365 ya upepo, megawati 310. Tunachohitaji sana ni watu wanaoweza kukaa wakapiga hesabu: umeme gani uzalishwe wapi, usafirishwe vipi, uhifadhiwe kwa njia gani, na nani ataufanya uendelee kuwaka baada ya sherehe ya uzinduzi.

Na hapa ndipo lilipo sharti langu. Kabla ya kuomba chuo chochote, tafuta mtaala wake uusome wote. Kama ndani yake hakuna mifumo ya gridi, mashine za umeme, elektroniki za nguvu, mwendo wa vimiminika na hisabati ya kutosha, achana nao, chukua uhandisi umeme. Jina la shahada lisikuvute. Gridi yetu inatakiwa ikae kwenye hertzi 50 kila sekunde. Jenereta la maji ni chuma kizito kinachozunguka. Mtambo mmoja ukizimika ghafla, uzito wa ile mingine unaendelea kuzunguka na kuipa gridi muda wa kujirekebisha. Inveta ya sola, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uingie kwenye gridi, haina kitu kinachozunguka. Paneli zikiwa chache, hakuna anayeona tofauti. Zikiwa nyingi, wingu moja likipita lazima kuwe na kitu kinachoziba pengo mara moja, iwe betri au bwawa. Namna ya kuifanya inveta yenyewe isaidie kuishikilia gridi ni kazi ambayo kizazi chenu kitaimaliza, na haimalizwi na mtu anayeogopa hesabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa kuwa stashahada yako ni ya umeme, shahada hii itakuongezea kile usichokuwa nacho: maji, joto, mashine. Chukua mfereji wa kwetu huku mlimani. Tuseme una lita 50 kwa sekunde na mteremko wa mita 40. Zidisha 50 kwa 9.81 kwa 40, unapata kama kilowati 19.6. Toa upotevu wa bomba, mtambo na jenereta, ukibaki na asilimia 60 una karibu kilowati 12, usiku na mchana. Hizo zinatosha mashine ya kukoboa, taa za kitongoji, na friji ya chanjo ya zahanati. Lakini mwezi wa tisa lita hizo 50 zitakuwa ngapi? Na nani ana zamu ya maji? Wazee waliochimba mifongo, yaani mifereji hii, waligawana maji kwa utaratibu, na wakulima wa mpunga huku chini nao wanayasubiri. Mhandisi anayekuja na hesabu ya mteremko bila kukaa na wenye maji atajenga mtambo utakaofungwa na mkutano wa kijiji, na kijiji kitakuwa na haki.

Ukipata nafasi, nenda Kikuletwa, wilayani Hai. Kile kituo cha zamani cha umeme wa maji kiko chini ya Chuo cha Ufundi Arusha, na kinatumika kufundishia nishati jadidifu. Simama uangalie mfereji wa kuleta maji na bomba linaloyashusha, uulize kila kitu.

Kuhusu sola sitakuchosha, unaijua kunizidi. Niseme moja tu. Unakumbuka ile shule niliyokuambia, iliyofungiwa mfumo mzuri wa sola, na mwaka wa tatu yakawa giza? Paneli zilikuwa nzima kabisa. Betri za asidi zilikuwa zimenyonywa hadi chini kila usiku mpaka zikafa, na hakuna aliyetenga fedha za kununua nyingine wala aliyefundishwa kuzikagua. Paneli nyingi za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25, na juu ya bati la Moshi saa saba mchana paneli inafika nyuzi 60 bila shida. Aliyepiga hesabu kwa namba ya kwenye kibandiko alikuwa ameshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi kabla ya vumbi kutua. Inaniuma kuona watu wakilaumu jua kwa kosa la usanifu. Wewe umeshika hizo nyaya kwa mikono yako, chuoni utajifunza kwa nini zilishindwa, na ndiyo maana nina imani na wewe kuliko mwanafunzi anayetoka kidato cha sita moja kwa moja.

Ajira sitakuahidi, maana siwezi. Ninachojua ni kwamba baada ya shahada unajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha kuna mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya wahandisi wenye uzoefu kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Ipange hiyo miaka mitatu tangu sasa. Cheti chako cha ufundi usikiweke kabatini. Likizo zote rudi kazini, mshahara mdogo utakusogeza na mikono haitasahau. Baadaye ukitaka umahiri, Tengeru pana Taasisi ya Nelson Mandela, nyumbani kabisa.

Na wanaosema kupanda nguzo na kuingia kwenye mtambo si kazi ya mwanamke, usipoteze muda nao. Mama yako anakuombea, na mimi najivuna nawe mbele ya mtu yeyote.

Ya fedha tumeshaongea na mama yako. Uombe mkopo wa Bodi ya Mikopo kwanza, nasi parachichi na kahawa za mwaka huu tumekutengea wewe. Kikipungua, wajomba zako wamesema tusiuze ng'ombe kabla ya kuwapigia. Jumamosi ukija, chapisha mitaala ya vyuo viwili au vitatu na ulete na matokeo yako ya stashahada, tuyalinganishe na sifa zilizo kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU).

Baba yako,
Moshi