Pampu "imezimwa" au "imezimika"?

SWALI: Mimi ni fundi kwenye kituo cha kusukuma maji. Nimeandika programu ndogo inayosoma kumbukumbu za mawasiliano ya Modbus, lugha ambayo mitambo huongea na kompyuta, na kuzigeuza Kiswahili, ili wenzangu wa zamu ya usiku wasihangaike na tarakimu. Mstari wa 11 05 00 AC 00 00 unatoka "Pampu imezimwa". Mwenzangu anasema iwe "imezimika". Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa mstari huo, nyote wawili mmewahi mno.

Tazama baiti zenyewe. 11 ni anwani ya kifaa kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), yaani kifaa namba 17. 05 ni kuandika koili moja, yaani swichi ya kuwasha au kuzima ndani ya kifaa, 00 AC ni mahali ilipo koili hiyo, na 00 00 ni kuzima. Kuwasha kungekuwa FF 00. (Baiti mbili za ukaguzi za mwisho umezikata. Sawa, wa zamu hazimhusu.) Hii basi ni amri tu, na amri si tukio. Tena Modbus ina tabia moja tangu kampuni ya Modicon ilipoitoa mwaka 1979: kifaa kikiikubali amri ya 05, hurudisha baiti zilezile kama zilivyo. Mstari uleule ukienda ni "Kifaa 17 kiliamriwa kizime pampu". Ukirudi ni "Kifaa 17 kilikubali amri ya kuzima pampu". Programu yako isipojua mstari umetoka upande gani, Kiswahili sanifu hakitaiokoa. Na hata kifaa kikikubali, kontakta (swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye mota) inaweza kuwa imeganda na pampu bado inazunguka.

Sasa mzozo wenu. "Imezimwa" ni kauli ya kutendwa: yupo aliyezima, hata asipotajwa. "Imezimika" ni kauli ya kutendeka: hali imebadilika, basi. Mota ikizidiwa na pampu ikatripu usiku wa manane, nawe ukaandika "imezimwa", asubuhi msimamizi ataanza kuuliza nani kaizima, na kijana wa zamu atajitetea kwa kosa lisilo lake.

Kwa hiyo subiri usomaji wa hali, ule wenye namba ya kazi 02, uone biti ya kontakta imetoka 1 kwenda 0. Kama amri ya 05 ilitangulia na kukubaliwa, andika "ilizimwa". Kama haikuwepo, andika "ilizimika". Usiongeze "yenyewe"! Huenda mtu alibonyeza kitufe kwenye paneli, na kitufe hicho hakipiti kwenye waya wa Modbus. Uzuri wa -ik- ni kwamba haimtaji mtu wala haimkani. "Pampu imezima" ya mtaani, kama tusemavyo "simu imezima", mimi siigombi mdomoni, ila kwenye kumbukumbu inaacha swali: imezima nini?

Njeo (nyakati za kitenzi) nazo uziangalie. -me- ifae kioo cha udhibiti, kwa hali ambayo bado ipo. Kumbukumbu yenye saa itumie -li-. Kifaa kikinyamaza, "hakijajibu" maana yake bado unangoja. Muda wa kungoja ukiisha, ni "hakikujibu".

Likija jibu la 85 02, hiyo 85 ni 05 iliyoongezwa 80 kuonyesha kukataa, na 02 ni kwamba anwani hiyo kifaa hakina. Nimewahi kuona ikiandikwa "anwani haramu ya data". Haramu tuwaachie mashehe. Wewe andika "Kifaa 17 kilikataa: hakina anwani hiyo".

Saa usiigeuze. Fremu ya Modbus, yaani ujumbe mmoja mzima, haibebi saa; saa huwekwa na kompyuta inayorekodi, na fundi atahitaji kuilinganisha na kumbukumbu nyingine. Iache 02:14, hata kama sote tunajua ni saa nane na robo kasoro dakika moja. Mistari yako isomeke hivi:

02:14:07 Kifaa 17 kiliamriwa kizime pampu.
02:14:07 Kifaa 17 kilikubali amri.
02:14:09 Pampu ilizimwa.

Na usiku ambao hakuna aliyeamuru:

03:40:22 Pampu ilizimika. Hakuna amri iliyoonekana.